Kufunga sailensa kwenye injini ya gokati ya zamani bila kuiumiza

Gokati ya zamani, kile kigari kidogo cha mbio, ikishanyooshwa fremu, ikapata matairi na injini yake ikafungwa upya, bado kuna kizuizi kinachowasubiri wengi langoni mwa uwanja: kelele. Viwanja vingi vya leo havipokei eksozi iliyo wazi. Hapo mtu hutafuta sailensa yoyote inayoingia kwenye bomba, akaisukumiza, akakaza klempu na kuingia mbioni. Mizunguko michache baadaye kichwa cha pistoni kimetoboka katikati, na lawama zote anabebeshwa kabureta.

Nimefungua injini ya namna hiyo kwa mikono yangu, na inauma, kwa sababu pistoni za injini hizi hazipatikani kirahisi. Kwa hiyo katika hatua zote zinazofuata nashikilia jambo moja: sailensa ifungwe kwa namna ambayo injini haitajua kuwa ipo. Isibane moshi, isibadilishe urefu wa eksozi, isining'inie mahali itakapovunja kitu, na isikudai ukate hata milimita moja ya bomba la asili.

Ijue eksozi uliyo nayo

Gokati za zamani hazina eksozi ya aina moja, na kosa kubwa huanzia hapo. Gokati ya kwanza, aliyoijenga Art Ingels huko California mwaka 1956, ilisukumwa na injini ya West Bend iliyokusudiwa mashine ya kukatia majani. Mwaka 1959 McCulloch walileta MC-10, iliyotokana na injini ya msumeno wa mnyororo. Injini za kizazi hicho kwa kawaida zilitoa moshi kwa bomba fupi lililo wazi, wakati mwingine lililopanuka mwishoni kama tarumbeta. Miaka hiyohiyo, Ujerumani Mashariki, mhandisi Walter Kaaden wa kampuni ya MZ alikuwa akiikamilisha eksozi ya tumbo (bomba linalopanuka katikati kisha kubana tena) kwa ajili ya pikipiki za mashindano. Mwaka 1961 dereva wake, Ernst Degner, alitorokea Magharibi, na ujuzi huo ukaenda naye Suzuki. Baada ya hapo tumbo likaenea katika mbio za injini za mipigo miwili (two-stroke), gokati zikiwemo.

Kwa hiyo chuchumaa uitazame yako. Ikiwa ni bomba fupi lisilo na tumbo, una aina ya kwanza. Ikiwa bomba linatoka kwenye silinda (nitaliita shingo), linapanuka kuwa koni, linakuwa tumbo, linabana tena kwa koni ya pili, kisha linaishia kwenye kibomba chembamba, una aina ya pili. Hicho kibomba chembamba ni mkia. Sailensa ya eksozi ya tumbo hukaa nyuma ya mkia, haikai kamwe kati ya shingo na tumbo.

Sababu ni hii. Katika injini ya mipigo miwili hakuna vali ya kuzuia mchanganyiko mbichi wa hewa na petroli usitoroke pamoja na moshi. Kazi ya kuuzuia hufanywa na wimbi. Tundu la moshi linapofunguka, wimbi la msukumo linakimbia ndani ya bomba, linagonga koni ya nyuma, linarudi, na likiwahi linausukuma mchanganyiko uliokwishatoroka urudi ndani ya silinda kabla pistoni haijaziba tundu. Likiwahi mno au likichelewa, nguvu inapotea. Ukichomeka kitu chochote njiani mwa wimbi hilo, umegusa mpangilio wa injini sawa na mtu aliyetia tupa kwenye tundu la silinda.

Unaweza kukadiria urefu ambao eksozi yako ilitengenezewa. Funga duara la digrii kwenye ekseli ya injini, zungusha kwa mkono, soma digrii ambapo pistoni inaanza kufungua tundu la moshi na ambapo inalifunga. Tofauti yake iite E. Mizunguko kwa dakika ambayo injini inatoa nguvu zaidi iite N. Ukichukua kasi ya wimbi ndani ya moshi wa moto kuwa takriban mita 518 kwa sekunde, urefu kwa milimita ni:

43,200 × E ÷ N

Tuseme E ni digrii 160 na N ni 11,000. Jibu ni milimita 628. Urefu huo hupimwa kutoka usoni mwa pistoni, kupitia katikati ya bomba, hadi karibu na katikati ya koni ya nyuma. Huhitaji hesabu hii ili kufunga sailensa. Unaihitaji ili uelewe kwa nini sitaki uongeze kiungo, pete au kipande cha bomba mbele ya tumbo ili tu sailensa ipate nafasi ya kukaa vizuri. Sentimita mbili zilizoongezwa pale zinahamisha nguvu ya injini kwenda kwenye mizunguko ya chini, na dereva atadhani injini imechoka.

Pima kabla hujagusa chochote

Kama kuna mahali unaporuhusiwa kuendesha na eksozi iliyo wazi, endesha kwanza. Andika mizunguko ya juu kabisa injini inayofikia mwishoni mwa sehemu iliyonyooka, rangi ya plagi, mahali sindano za kabureta zilipo, na joto la kichwa cha silinda kama una kipimajoto chenye kihisi cha pete kinachokaa chini ya plagi. Bila namba hizi utakuwa unabahatisha tu baadaye. Kama huna mahali pa kuendeshea, andika angalau hali ya sindano.

Kisha shika vernia na upime kipenyo cha ndani cha shingo, kipenyo cha ndani cha mkia, kipenyo cha nje cha mkia na urefu wake. Pima katika pande mbili, maana mabomba ya miaka mingi huwa yamebonyea na si duara tena. Kwangua masizi kwanza. Nimeshuhudia mkia uliodhaniwa kuwa wa milimita 19 ukirudi kuwa 21 baada ya kuondolewa tabaka la masizi ya mafuta ya mbarika.

Kanuni ya mafundi ni kwamba mkia huwa na kipenyo cha ndani cha takriban asilimia 58 hadi 62 ya kile cha shingo, na urefu wa kama mara 12 ya kipenyo chake wenyewe. Shingo ya milimita 35 inataka mkia wa milimita 20 hadi 22 hivi, wenye urefu wa karibu sentimita 25. Ukikuta wako uko mbali sana na hapo, huenda kuna mtu aliubadilisha zamani. Usiurekebishe siku hiyohiyo unapofunga sailensa. Badilisha kitu kimoja, pima, ndipo uende kwenye kingine.

Kuchagua au kutengeneza sailensa

Kwa eksozi ya tumbo, chagua sailensa ya kupitisha moja kwa moja: bomba lenye matobo katikati, pamba isiyoungua pembeni, na ganda la nje. Ukiweka jicho upande mmoja unaona mwanga upande wa pili. Sailensa zenye kuta za ndani zinazoulazimisha moshi kupinda kushoto na kulia ziachie mashine za bustani.

Kipenyo cha ndani cha bomba lenye matobo kiwe sawa na cha mkia, au kizidi kwa milimita 1 hadi 3. Kisipungue. Hapa ndipo pistoni hutobokea, kwa hiyo nitalifafanua. Mkia wa milimita 21 una eneo la milimita za mraba 346. Ukiupeleka kwenye sailensa ya milimita 19, eneo linashuka hadi 284, yaani umekata asilimia 18 ya njia kwa tofauti ya milimita 2 ambazo jicho halizioni. Moshi unabanwa tumboni, shinikizo linapanda, joto la pistoni linapanda nalo, na injini inayopozwa kwa hewa haina pengine pa kulipeleka joto hilo. Kwa dakika chache itaonekana hata kuwa na nguvu zaidi. Usidanganyike na dakika hizo.

Kuhusu ukubwa wa ganda, kwa injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 125 napenda ganda la kipenyo cha milimita 65 hadi 75 na urefu wa sentimita 25 hadi 35. Hapo unapata pamba yenye unene wa zaidi ya sentimita 2 kila upande. Pamba nyembamba hunyonya sauti nyembamba tu, ile inayochoma masikio. Mngurumo mzito ni mgumu zaidi: injini ya silinda moja ya mipigo miwili kwenye mizunguko 11,000 hupiga mara 183 kwa sekunde, na sauti ya chini namna hiyo inapita kwenye pamba nyembamba kama upepo kwenye wavu. Kwa hiyo kati ya sailensa mbili zenye urefu mmoja, chukua iliyo nene.

Ukiamua kutengeneza mwenyewe, toboa bomba la ndani matobo ya milimita 3 yaliyopishana, katikati ya tobo hadi tobo iwe milimita 5. Mpangilio huo unafungua karibu theluthi moja ya ukuta wa bomba, na hiyo inatosha. Baada ya kutoboa, piga tupa ya duara ndani hadi ukipitisha kidole usisikie ncha hata moja, maana kila ncha inaubughudhi moshi na kukusanya masizi. Viringisha kwanza tabaka moja la sufi ya chuma kisichoshika kutu, ndipo ufuatishe pamba ya glasi ya kutengenezea eksozi. Sufi ya chuma huizuia pamba isinyonywe na kutupwa nje. Usitumie pamba ya kuzuia joto kwenye majengo. Gundi yake inaungua na pamba yenyewe inapeperuka ndani ya siku moja. Ijaze kwa mkono hadi iwe imara, ila usiigandamize kama gunia, kwa sababu pamba iliyoshindiliwa hainyonyi sauti. Ukimaliza, pima uzito wa pamba uliyotumia kwa gramu na uuandike. Utaushukuru uandishi huo wakati wa kubadilisha.

Funga mfuniko mmoja kwa ribiti au skrubu ndogo badala ya kuuchomelea. Sailensa isiyofunguka ni sailensa ya kutupwa.

Vaa glavu, miwani na barakoa unaposhika pamba ya glasi. Na kwa vile tunazungumzia vitu vya zamani, sailensa na gasketi za miongo hiyo zinaweza kuwa na asbesto. Ukikuta kamba au karatasi ya kijivu yenye nyuzinyuzi usiyoijua asili yake, usiikwangue ikiwa kavu, usiipulize kwa hewa ya kompresa, wala usiisugue kwa brashi ya mashine. Iloweshe, itoe ikiwa nzima, ifunge kwenye mfuko na uitupe kwa utaratibu wa taka hatari.

Kama una bomba fupi lililo wazi

Hapa mambo ni tofauti kidogo. Injini hizi hazitegemei koni ya nyuma, lakini bado urefu wa bomba lake fupi una maana, na mlipuko wa moshi unatoka kwa ghafla zaidi. Ukifunga sailensa nyembamba ya kupitisha moja kwa moja, itapunguza kelele kidogo sana na pamba yake itaharibika upesi. Ninachopendelea ni kopo: chumba kipana cha ujazo wa angalau mara 10 ya ujazo wa silinda, ambamo bomba fupi linaishia likiwa na urefu wake uleule, kisha sehemu yenye matobo na pamba inafuata nyuma yake. Kwa McCulloch MC-101 ya sentimita za ujazo 123, hiyo ni lita 1.2 na kuendelea. Moshi unapoingia kwenye nafasi pana ghafla, bomba fupi linafanya kazi karibu kama lilivyokuwa likimwaga angani. Njia ya kutokea kwenye kopo isiwe nyembamba kuliko bomba la kuingilia.

Utapoteza nguvu kidogo, nakubali. Ila ni kidogo kuliko kitakachopotea kwa kuiazima injini eksozi ya tumbo iliyotengenezewa silinda nyingine.

Kuandaa uso wa silinda

Ondoa eksozi injini ikiwa baridi. Stadi (boliti zisizo na kichwa) zilizoshikana na silinda ya alumini zisilazimishwe: weka mafuta ya kupenyeza usiku kucha, pasha joto alumini inayozunguka stadi, kisha zungusha kidogo mbele, kidogo nyuma. Stadi ikikatikia ndani, mpelekee fundi wa mashine. Usijaribu kuitoa kwa keekee ya mkono, kwa sababu chuma cha keekee hukimbilia kwenye alumini laini na tundu linapinda.

Angalia nyuzi. Injini za Marekani kama McCulloch na West Bend zina nyuzi za inchi, na za Italia kama Parilla na Komet zina za milimita. Boliti ya M6 itaingia kwenye tundu la robo inchi ikionekana kukaza, kwa kuwa moja ina milimita 6 na nyingine 6.35, kisha itang'oka na nyuzi zote siku ya mbio.

Laza flanji ya shingo (uso bapa unaofungwa kwenye silinda) juu ya kioo kilichowekwa msasa, isugue kwa mwendo wa namba nane hadi uso wote ung'ae sawasawa. Weka gasketi mpya na uhakikishe tundu lake halifuniki hata kidogo tundu la silinda. Gasketi nyingi za kukata mwenyewe hukosea hapo. Kaza boliti mbili kwa zamu. Kwa M6 kwenye alumini sivuki Nm 10. Baada ya injini kupata moto mara ya kwanza na kupoa kabisa, kaza tena.

Kuunganisha mkia na sailensa

Sasa kazi yenyewe. Usichomelee sailensa kwenye mkia. Tengeneza kola: kipande cha bomba ambacho kipenyo chake cha ndani kinauvaa mkia kwa nje bila kuchezacheza, kikiingia kwa milimita 30 hadi 40. Ncha ya mbele ya kola ikatwe mipasuo miwili au minne ya msumeno, kisha klempu ya chuma kisichoshika kutu ikaze juu yake. Ncha ya nyuma ndiyo inayochomelewa kwenye sailensa. Kwa njia hii mkia wa asili unabaki mzima, na siku gokati ikienda kwenye maonyesho unatoa klempu moja tu.

Hakikisha mwisho wa mkia unagusana na mwanzo wa bomba lenye matobo, au pengo lake halizidi milimita moja au mbili. Pengo kubwa linafanya moshi upige ukingo na kuichana pamba ya mbele. Paka silikoni ya joto kali kwa nje ya mkia, tabaka jembamba, acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu.

Kama eksozi yako inaungana kwa springi, weka springi tatu zilizogawanyika sawa kuizunguka. Springi hutetemeka hadi zikakatika; zijaze silikoni ndani ya mizunguko yake, mtetemo unakufa. Kisha pitisha waya wa chuma kisichoshika kutu kutoka ndoano hadi ndoano, ili springi ikikatika kipande kisidondokee njia ya anayekufuata.

Ukilazimika kuchomelea karibu na eksozi ya zamani, iondoe kabisa kwenye gokati na isafishe ndani na nje. Mabaki ya mafuta na petroli ndani ya tumbo yanaweza kulipuka. Chuma chenye zinki au rangi ya madini kikwanguliwe hadi chuma tupu kabla ya moto, moshi wake ni sumu.

Wapi ishikiliwe

Hatua hii hupuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayovunja flanji. Gokati haina springi za magurudumu. Fremu yenyewe ndiyo inayopinda ili gurudumu la nyuma la ndani linyanyuke kwenye kona. Injini nayo imefungwa juu ya sahani inayoteleza kwenye mabomba ya fremu ili ukaze cheni. Sasa fikiria sailensa iliyofungwa boliti kwenye fremu wakati shingo imefungwa kwenye silinda. Kila kona fremu inapinda na kuivuta eksozi, kila ukikaza cheni unaivuta tena, na kiungo dhaifu zaidi ni stadi mbili ndani ya alumini ya miaka 60.

Kwa hiyo braketi ya sailensa itoke kwenye injini au kwenye sahani ya injini, ili vyote visogee pamoja. Ishikilie sailensa kwa mkanda mpana, si kwa sikio dogo lililochomelewa kwenye ganda jembamba, na katikati ya braketi na mkanda weka mpira wa kunyonya mtetemo. Mpira uwe mahali unapopata hewa, mbali na koni. Kama umbo la gokati halikuachii njia ila kuegemea fremu, basi tumia mipira miwili laini na uache kiungo cha springi mahali fulani katikati.

Kabla ya kukaza, jaribu hivi: legeza mkanda kabisa. Sailensa ikae pale inapotaka yenyewe. Ikibidi uivute kwa mkono ndipo mkanda ufunge, rudi ukapinde braketi. Eksozi isiyo na mvutano ikiwa baridi ndiyo itakayodumu ikiwa moto.

Kisha mkalishe dereva, si kiti kitupu. Azungushe usukani mwisho hadi mwisho, apanue viwiko. Acha angalau sentimita 2.5 kati ya sailensa na tairi, na nafasi kubwa zaidi kwa mipira ya petroli, waya wa plagi na tangi. Ikiwa kiwiko kinafika karibu, funga kinga ya bati yenye washa chini yake ili hewa ipite. Mdomo wa sailensa uelekee nyuma, usipulizie tairi, usitokeze nje ya bampa ya nyuma.

Kuwasha mara ya kwanza

Fungua sindano ya mchanganyiko wa kasi ya juu kwa moja ya nane ya mzunguko zaidi ya ulivyoandika mwanzo. Mchanganyiko mwingi utakupa moshi na uvivu kidogo. Mchanganyiko haba utakupa pistoni iliyotoboka. Uwiano wa mafuta usiubadilishe siku hii. Kama injini yako imezoea sehemu 16 au 20 za petroli kwa 1 ya mafuta, baki hapohapo.

Washa nje, si ndani ya gereji. Injini nyingi za zamani za sentimita za ujazo 100 hazina klachi: injini ikizunguka, ekseli na magurudumu yanazunguka. Gokati ikiwa juu ya stendi, hakikisha hakuna mtu nyuma wala pembeni mwa magurudumu, wala usiipandishe mizunguko bila mzigo. Sekunde 20 au 30 zinatosha kusikia kama kuna kitu kinagonga. Zima, ipoe, kaza tena flanji na klempu.

Uwanjani, mizunguko mitatu ya kwanza nenda nusu. Kisha ongeza. Mwishoni mwa sehemu iliyonyooka, kwenye injini isiyo na klachi, madereva wa zamani walifunika mdomo wa kabureta kwa kiganja kwa nusu sekunde walipoachia mafuta, ili pistoni ipate mafuta na ipoe. Ni desturi nzuri ya kuifufua siku ya majaribio. Baada ya mizunguko mitano au sita zima injini ukiwa kwenye kasi, hali hakuna mtu nyuma yako, usogee pembeni na ufungue plagi. Kahawia iliyoiva ni nzuri. Nyeupe au kijivu kavu, hasa yenye vitone vidogo vinavyong'aa, ni onyo: hivyo vitone ni alumini ya pistoni yako. Usirudi uwanjani hadi ujue kwa nini.

Linganisha joto na mizunguko ya juu na vile ulivyoandika. Joto likipanda nyuzi chache, sindano italirekebisha. Likipanda sana na mizunguko ya juu ikashuka kwa wakati mmoja, sailensa inabana. Hakuna sindano itakayoliponya hilo. Mizunguko ikashuka lakini joto likabaki palepale, tafuta uvujaji: michirizi myeusi ya mafuta kwenye kiungo chochote inakuonyesha penyewe.

Kwa kelele, mita ya sauti au programu ya simu inafaa kulinganisha kabla na baada, mradi usimame mahali palepale. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili usomaji unashuka kwa takriban desibeli 6, kwa hiyo hatua tatu mbele au nyuma zinaweza kukudanganya kuliko sailensa yenyewe. Na usishtuke ukianza kusikia mlio mkali wa kabureta na cheni ambao hukuwahi kuusikia. Vilikuwepo siku zote, eksozi ilikuwa ikivifunika.

Kubadilisha pamba

Mafuta ya mbarika, yanayopendwa na injini hizi, huacha utomvu mzito unaoziba matobo na kulowesha pamba. Pamba iliyolowa haimezi sauti, na sailensa inakuwa nzito kwenye mkanda wake. Fungua mfuniko baada ya siku ya kwanza ya mbio ujue inavyokwenda, kisha ujipangie. Ipime uzito: ikiwa imepungua sana kuliko gramu ulizoandika, imepulizwa nje, ikiwa imeongezeka, imeshiba mafuta. Vyovyote iwavyo, toa yote, choma bomba lenye matobo kwa moto wa gesi mahali pa wazi hadi masizi yakauke, piga brashi, jaza upya.

Kama ulitoa bomba fupi la asili ili kufunga kopo, lipake mafuta ndani na nje, lifunge kwa karatasi nene, na ulitundikie kibao chenye namba ya injini, pamoja na gasketi yake na boliti zake za asili kwenye mfuko mmoja.